Rudisha Lile Sanduku la Bweni

Wenzangu wa kamera watanichukia leo, lakini wacha niseme. Zile video za kupanga meza ya kazi zinatumalizia pesa. Unazijua. Meza nyeupe, rafu tatu ukutani, vikombe vya kalamu vya rangi moja, droo ndogo ndogo zenye lebo, kamera inapita polepole na muziki laini nyuma yake. Ukimaliza kuangalia unaona keja yako ni takataka na wewe ni mtu hajielewi. Kesho yake uko mjini unanunua vikasha vya plastiki vya kuwekea klipu ambazo huna.

Mimi naishi kwa kutengeneza video, kwa hivyo najua venye hiyo biashara inaenda. Kitu kipya kinavuta macho kuliko kitu kinachofanya kazi. Hakuna mtu atapata watazamaji elfu mia kwa kuonyesha sanduku la bati lililobonyea kona. Lakini hilo sanduku ndilo nitalitetea hapa.

Maoni yangu ni haya: kama unafanya kazi kwenye bedsita, ofisi yako haitaki rafu, inataka sanduku. Na simaanishi kitu cha kuagiza mtandaoni. Namaanisha lile lile ulilobeba ukienda Form One, lenye kufuli, na jina lako limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Kama liko kwenu nyumbani limewekwa mahindi ama nguo za watoto, panga safari uliombe.

Hesabu ya chumba kimoja

Video hizo zinapigwa kwa nyumba zenye chumba kizima cha ofisi. Sisi wa Roysambu, Zimmerman, Pipeline na Kahawa West tuko na hesabu nyingine. Kitanda kimechukua ukuta mmoja. Mtungi wa gesi uko kona ile. Ndoo za maji ziko kona hii, kwa sababu mfereji wa ploti una siku zake. Katikati kuna meza moja, na hiyo meza ni kama Mkenya wa kawaida: ina kazi zaidi ya moja. Asubuhi ni ofisi. Saa saba ni ya chakula. Jioni unapigia shati pasi juu yake.

Sasa weka hapo kikombe cha kalamu, trei ya karatasi ya ghorofa tatu, stepla, punchi, selotepu na kikokotoo. Saa saba unahamisha vyote kitandani ndio ule. Usiku unavihamisha sakafuni ndio ulale. Asubuhi unakanyaga pini ya stepla. Hiyo si kupanga, bana. Huko ni kuhamahama ndani ya nyumba yako mwenyewe.

“Basi weka rafu ukutani,” utaniambia. Sawa, muulize landilodi kwanza. Nyumba nyingi tunazopanga hazitaki misumari, na kila tundu linahesabiwa siku ya kurudishiwa depositi. Halafu fikiria uzito. Watu hudhani karatasi ni kitu chepesi kwa sababu moja moja ni nyepesi. Rimu ya A4 ina karatasi 500. Karatasi ya kawaida ya saiba ni ya gramu 80 kwa mita moja mraba, na A4 16 ndizo zinajaza hiyo mita mraba, kwa hivyo kila karatasi ina gramu 5. Piga hesabu: rimu moja ni kilo 2 na nusu. Weka rimu mbili, boksi faili mbili na kamusi yako ya shule ya upili, hapo rafu inayoshikiliwa na misumari miwili kwa plasta ya mchanga mwingi inaanza kuinama. Itakuja kuanguka usiku, na kitanda kiko hapo chini yake.

Na tunahama. Hii ndiyo sababu kubwa kushinda zote. Kodi ikipanda unahama. Maji yakikosa unahama. Kazi ikichangamka unatafuta kitu kikubwa kidogo, ikilala unarudi kidogo. Rafu haihami vizuri, na droo za plastiki zikifika kwa mkokoteni zinapasuka. Sanduku lina mishikio miwili kwa sababu liliundwa tangu mwanzo kwa mtu asiye na makao ya kudumu.

Tayari umefunzwa

Langu lilinunuliwa Kamukunji mwaka wa 2017, siku mimi na mama tulipoenda kutafuta vitu vya Form One. Mafundi wa jua kali walikuwa wanagonga bati kila upande, huwezi kusikia mwenzako. Mama alifungua kifuniko akafunga, akafungua akafunga, mara tatu, halafu akauliza, “Hili litafika Form Four kweli?” Fundi hakuinua hata kichwa. “Mama, hili litazeeka na yeye.”

Limefika Form Four. Likafika chuo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma na kazi za video zikawa zinalipa, na sanduku tukatoka nalo. Sasa ndilo ofisi. Limebonyea kona moja na jina langu limefutika nusu, lakini bawaba zake bado ziko sawa.

Kama ulisoma bweni, hebu kumbuka venye uliishi. Miaka minne, mali yako yote kwa futi chache za bati. Vitabu, sabuni, mkebe wa hesabu, barua, kalamu za akiba, pesa za nauli zimefichwa mahali unajua wewe tu. Ulikuwa unaweza kutoa penseli gizani taa zikishazimwa, bila kuamsha mtu wa kitanda cha juu. Nani alikufunza? Hakuna aliyekuwekea video. Nafasi yenyewe ilikufunza. Kitu kisicho na mahali pake hakikuwa kinaingia, na kama kiliingia, kifuniko kilikataa kufunga.

Hicho kifuniko ndicho siri. Rafu haikwambii umejaza kupita kiasi, utaongeza rafu nyingine tu. Droo utaisukuma na goti. Lakini sanduku likikataa kufunga, lazima utoe kitu. Kwa mtu wa mapato ya kubahatisha kama mimi, kitu kinachonikataza kununua kina faida kuliko kitu kinachonipa nafasi ya kununua.

Adui wa karatasi

Kuna watu hudhani kuhifadhi karatasi ni mambo ya urembo. Hapana. Karatasi ina maadui, na bedsita ni mahali wote hukutania.

Wa kwanza ni maji. Masika ya 2024 yalitufunza. Mafuriko yaliingia nyumba za watu Mathare, Mukuru, Githurai na kwingine, na mtu akikimbia usiku habebi trei ya karatasi. Anabeba mtoto, simu, na kitu kimoja kinachobebeka. Kama cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na kandarasi zako ziko mahali pamoja penye mshikio, uko na nafasi. Zikiwa zimetawanyika, moja chini ya godoro, nyingine ndani ya kitabu, nyingine juu ya friji, umepoteza. Na kupata nyingine kunaanzia kituo cha polisi kutafuta abstrakti, halafu foleni baada ya foleni.

Sanduku la bati si mtumbwi, nakubali. Likikaa kwa maji, maji yataingia. Ndiyo maana haliwekwi sakafuni moja kwa moja. Weka matofali mawili ama vipande vya mbao chini yake. Hiyo inasaidia siku ya maji na siku ya kawaida pia, kwa sababu saruji ya baridi inatoa unyevu, na bati linalogusa unyevu kila siku litashika kutu kutoka chini. Ndani tandika magazeti, uyabadilishe yakianza kunusa. Karatasi za maana zaidi zitie kwa mfuko wa nailoni unaofungika, ndio hata maji yakipita kifuniko yakute mlango mwingine.

Adui wa pili ni wadudu. Mende wanapenda katoni. Wanapenda giza lake, mikunjo yake na gundi yake. Kunguni nao hawali karatasi, lakini mkunjo wowote karibu na kitanda kwao ni nyumba, na chini ya kitanda ndiko sisi wote tunasukuma zile katoni. Bati halina mikunjo ya hivyo. Unalipangusa na kitambaa, umemaliza.

Wa tatu ni jikoni. Ukikaanga vitunguu mita mbili kutoka kwa kandarasi, mafuta yatafika kwa kandarasi. Hayafiki leo, lakini baada ya miezi mitatu ushike hiyo karatasi uone venye inateleza. Mteja akipewa ankara inayonuka omena, hata kama kazi ilikuwa ya maana, ashakuweka kwa kundi fulani kichwani mwake.

Ndani kunakaa nini

Sasa tupange. Usiende Kamukunji ukachagua kwa macho, nenda na boksi faili mkononi. A4 ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210, lakini boksi faili ni kubwa kidogo kushinda karatasi yenyewe. Ijaribu ndani ya sanduku ikiwa imesimama na mgongo wake juu, kama kitabu kwa rafu, na kifuniko kifunge. Ikikataa, hilo si lako. Mafundi wale wanaunda kwa vipimo pia, ukiwapa muda. Karatasi zikilala moja juu ya nyingine, unayoitaka huwa ya chini kabisa. Zikisimama, unapitisha kidole tu.

Upande wa kulia wa langu kuna boksi faili moja na faili tatu za springi. Boksi faili ni ya mambo ya serikali na vyeti. Faili ya kwanza ni ya wateja: makubaliano, ankara, karatasi za kupokelea kazi. Ya pili ni risiti. Ya tatu ni nyumba: mkataba wa kodi, risiti ya depositi, karatasi za stima. Ni hizo tu. Ukiona unataka faili ya saba ujue unaunda wizara.

Upande wa kushoto kuna madaftari. Mimi naandika maneno ya video zangu kwa kalamu kwanza, kwa vitabu vya mazoezi vya kurasa 96, kwa sababu simu ikiwa mkononi naishia TikTok. Kila daftari lina mwezi wa kuanza na wa kumaliza umeandikwa nje. Yakifika sita, ya zamani yanapigwa picha kurasa zinazofaa, mengine yanaenda kwa mama wa mandazi. Fulskepu nanunua chache chache. Rimu sina. Saiba iko hatua mia kutoka kwa geti na wao ndio wanajua kuhifadhi rimu. Ukiamua kuweka, iache ndani ya karatasi yake ya kufungia, kwa maana karatasi hunyonya unyevu wa hewa, ikiingia kwa printa inakwama.

Juu ya madaftari kuna mikebe. Hapa ndipo video zingekuuzia vikasha kumi na mbili. Mkebe wa hesabu wa shule unatosha klipu, kifutio, kichongeo na pini za stepla. Kopo la siagi linabeba selotepu, gundi na mkasi. Kalamu zinakaa kwa kipochi cha kitambaa, zikiwa zimelala. Hiyo ya kulala ina sababu. Wino wa biro ni mzito na unateremka kwa uzito wake hadi kwa kile kijipira cha ncha, sasa ukiisimamisha ncha juu kwa miezi itakuandikia kwa kukwaruza. Makapeni ya ncha mbili yakisimama, ncha moja inalowa na nyingine inakauka. Na kwa habari yako, hilo neno biro ni jina la mtu. László Bíró, Mhungaria, alipata hataza ya kalamu yake mwaka wa 1938. Angeona venye tunaziacha juu ya dirisha zikichomwa na jua, angelia.

Raba za kufungia karatasi sitaki hata kuziona. Joto linaziyeyusha zinashikana na karatasi, ukivuta inatoka na maneno. Klipu na pini nazo zikishika kutu zinaacha alama ya kahawia. Kwa karatasi ya kukaa miaka, kunja karatasi nyingine safi iwe kama jalada, uiweke ndani, basi.

Pesa iliyo kwa karatasi

Hapa ndipo watu wa rika langu hucheka, wananiambia kila kitu kiko kwa simu. Sikia.

Kuna mteja mmoja, jina lake wacha likae, alinipa kazi ya video 6 za kutangaza chakula chake. Tukakubaliana shilingi 18,000, nusu mbele, nusu mwisho. Mwisho ulipofika, mtu wake wa hesabu akasema hakuna mahali imeandikwa kwamba video zote zilipokewa. Kwa simu kulikuwa na mazungumzo, ndio, lakini yule tuliyekuwa tunaongea naye alishaacha kazi na namba yake ikawa haipatikani. Nilifungua sanduku nikatoa karatasi ya kupokelea kazi, imeandikwa tarehe, imeandikwa video 6, na sahihi iko. Sijui kama nilitumia dakika mbili kuitafuta. Nikaenda na fotokopi, ile halisi ikabaki nyumbani. Baada ya wiki mbili 9,000 zikaingia kwa M-Pesa. Hiyo ni kodi ya nyumba, mtu wangu. Hiyo si urembo.

Halafu kuna KRA. Najua ukisikia hilo jina unataka kufunga ukurasa, lakini kaa kidogo. Tangu Julai 2023, anayekulipa kwa maudhui ya kidijitali anatakiwa kukukata 5% ya kodi kama wewe ni mkazi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara ambayo haina ankara ya eTIMS haihesabiwi ukipunguza mapato ya kutozwa kodi, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Ritani ni kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka utunze rekodi zako miaka 5. Miaka mitano! Hebu hesabu umehama nyumba ngapi kwa miaka mitano iliyopita, uniambie trei ya plastiki juu ya meza ingefika.

Na hata ukizitunza, risiti zina tabia ya kukusaliti. Ile karatasi laini ya supamaketi haina wino. Imepakwa kemikali inayokuwa nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma kidogo. Ipitishe ukucha kwa nguvu uone, itaacha mstari mweusi. Sasa kwa sababu iliandikwa kwa joto, joto, mwanga na baadhi ya plastiki laini za faili huifuta. Selotepu juu ya maandishi pia huyala. Utafungua faili baada ya mwaka ukute karatasi nyeupe safi, kama haujawahi kununua kitu. Kwa hivyo: siku hiyo hiyo piga picha, andika tarehe na kiasi kwa biro nyuma yake, halafu iweke kwa bahasha ya karatasi, bahasha moja kila mwezi. Bahasha 12 kwa mwaka, zinaingia kwa faili moja.

Simu ni nakala nzuri. Lakini simu ya Nairobi ina miguu, inaweza kuondoka nawe uko ndani ya matatu ukiwa umeishikilia. Hakuna mtu amewahi kuninyang’anya sanduku kupitia dirisha.

Mtasema nini

Najua kuna wale watasema, “Mimi kitu nikikificha nakisahau, lazima nikione.” Nawaelewa, na hamna shida. Cha leo kikae juu ya meza. Kikombe kimoja, kalamu tatu, daftari moja, karatasi ya kazi unayofanya sasa hivi. Kile ambacho hujagusa kwa siku mbili kirudi ndani. Ndani ya kifuniko bandika orodha ya kilichomo, kama vile shuleni tulibandika ratiba ya masomo. Ukifungua tu umeona.

Wengine watasema meza nzuri inatia moyo wa kazi. Inawezekana. Lakini niliona wasee wengi sana walioanza kazi hii na mimi, pesa ya kwanza ikaenda kwa taa za rangi na rafu, halafu kukawa hakuna bando ya kupakia video. Moyo wa kazi unatoka kwa kazi iliyolipwa. Baada ya hapo nunua meza ya dhahabu, nitakuja kuipiga picha.

Na wale hawakusoma bweni? Hakuna shida pia. Si lazima liwe la shule. Kinachotakiwa ni vitu vitano: lifunge, libebeke na mtu mmoja likiwa na vitu au wawili likiwa limejaa, lisiwe la katoni, faili isimame ndani, na lifanye kazi nyingine likifungwa. Langu likifungwa ni kiti cha mgeni. Tandika leso juu, mtu anakaa, anakunywa chai, hajui amekalia KRA.

Sababu ambayo huwa siitaji kwa video

Hayo yote ni ya karatasi, na peke yake yanatosha. Lakini kuna kitu kingine, na nafikiri ndicho kinanifanya niandike haya yote kuhusu sanduku.

Mtu aliyeajiriwa ana mlango wa ofisi. Anaingia, anatoka. Mwanafunzi ana ratiba, hata akiikwepa. Sisi tulioacha chuo na kuanza kufanya kazi vyumbani mwetu hatuna chochote kinachosema kazi imeanza na hakuna kinachosema imeisha. Kazi iko kitandani, kitanda kiko kazini. Jirani anakuona umevaa malapa saa tano asubuhi anadhani umekaa tu. Shangazi akipiga simu anauliza, “Bado hujapata kazi?” Na usiku saa nane umelala ukitazamana na lundo la karatasi mezani, ankara ya mtu ambaye hajalipa iko juu, unaiona hata ukifumba macho. Kama unaishi hivi unajua naongea nini. Chumba kinakuwa kidogo zaidi kila wiki, na si kwa sababu kuta zinasogea.

Sanduku linafunga. Saa mbili asubuhi nafungua kufuli, natoa daftari na kalamu, nipo kazini, hata kama nimevaa malapa. Jioni narudisha kila kitu mahali pake, nafunga, na chumba kinakuwa nyumba tena. Ile ankara bado haijalipwa, sikatai, lakini haiko usoni mwangu nikila ugali. Iko ofisini, na ofisi imefungwa.

Sijaona rafu inayoweza kufanya hivyo. Rafu imeundwa ikuonyeshe vitu vyako saa 24. Hiyo ni sawa kwa mtu ambaye akitoka ofisini anafunga mlango nyuma yake. Wewe na mimi hatuna huo mlango bado, kwa hivyo tununue kifuniko.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujaweka kikasha kingine kwa kapu la mtandaoni, fanya jaribio moja. Weka saa ya simu dakika mbili, utafute cheti chako cha KCSE, mkataba wako wa nyumba na karatasi ya mteja wa mwisho. Ukizipata zote, endelea na mtindo wako, hunihitaji. Usipozipata, piga simu nyumbani uwaambie wahamishe hayo mahindi.